Dhana ya Kuzifya Shi na Historia ya Matumizi ya Ardhi katika Mlima Magamba, Usambara Magharibi

1.0 Utangulizi

Magamba ni kata na mji mdogo ulioko kaskazini mwa mji wa Lushoto, mkoani Tanga. Msafiri anayepanda kutoka Mombo kupitia Soni na Lushoto, akielekea Lukozi na Mtae, hupita hapo, kisha huingia katika msitu unaobeba jina hilohilo. Katika maandishi ya kitaaluma Magamba hutajwa kwa sababu tatu zisizokutana. Wanajiolojia huitaja kwa sababu ya boksiti, yaani mawe na udongo unaotoa alumini. Wanaikolojia huitaja kwa sababu ya msitu wake wa asili. Wanaisimu nao huitaja kwa sababu ya Wambugu, jamii ndogo ambayo lugha yake imewashughulisha wataalamu kwa miongo mingi. Ni nadra kuikuta kazi moja inayoyasoma mambo haya matatu pamoja.

Insha hii inajaribu kufanya hivyo. Swali linaloiongoza ni hili: kwa nini kila zama mpya ya matumizi ya mlima wa Magamba imeanza kana kwamba hapakuwa na mpango wowote wa ardhi kabla yake? Hoja inayotetewa ni kwamba wenyeji wa Usambara walikuwa na kipimo chao cha kuhukumu matumizi ya ardhi, kipimo ambacho Wasambaa hukieleza kwa maneno kuzifya shi, yaani kuiponya au kuitengeneza nchi, na kinyume chake kubana shi, yaani kuiharibu nchi. Kipimo hicho hakikuwa imani ya mvua peke yake. Kilikuwa namna ya kuuliza ni nani mwenye mamlaka, na kama mamlaka yake yanaleta uhai au njaa. Insha inaonesha kwamba swali hilo liliondolewa katika maamuzi juu ya misitu wakati wa Wajerumani, likajitokeza kwa nguvu wakati wa Waingereza, na sasa limerudi katika mjadala wa uchimbaji wa madini.

Mkabala unaotumika ni wa kihistoria. Kazi ya Steven Feierman juu ya ufalme wa Wasambaa (1974) na juu ya wenye fikra miongoni mwa wakulima (1990) ndiyo msingi wa sehemu kubwa ya uchambuzi, pamoja na utafiti wa Maarten Mous (2003) juu ya lugha ya Wambugu na masimulizi yaliyohifadhiwa katika Habari za Wakilindi ya Abdallah bin Hemedi 'lAjjemy.

2.0 Nchi kabla ya mipaka ya msitu

Wasambaa hutofautisha Shambaai, nchi ya mlimani yenye mvua na migomba, na nyika, nchi kame ya chini. Tofauti hiyo si ya kijiografia tu. Shambaai ni mahali ambapo mtu anaweza kuishi maisha kamili: nyumba zimezungukwa na migomba, mashamba ya mahindi na maharage yapo kwenye miteremko, na maji yanashuka kutoka msituni. Nyika ni mahali pa kuwinda, kufanyia biashara na kukutana na hatari. Kijiji kizuri kilikuwa kile kinachoweza kuzifikia nchi zote mbili, ili mvua ikikosekana upande mmoja chakula kitafutwe upande wa pili.

Masimulizi ya Mbegha, mwasisi wa nasaba ya Wakilindi, yanaeleweka vyema ndani ya fikra hiyo. Mbegha alikuwa mwindaji aliyetoka Nguu. Alifika mlimani akiwa na nyama, akawapa wenyeji, nao wakampa chakula cha shambani. Baada ya kuua simba alipewa jina la Simba, na hatimaye akapokelewa kuwa mtawala, makao makuu yakiwa Vugha. Mwanahistoria hana haja ya kulichukua kila tukio katika masimulizi haya kuwa la kweli ili aone maana yake. Mtawala alikubaliwa kwa sababu alileta kitu ambacho wenyeji walikihitaji, na mabadilishano hayo ndiyo yaliyompa haki ya kupokea kodi. Mamlaka yalikuwa na masharti.

Masharti hayo yalionekana wazi katika suala la mvua. Mfalme aliaminiwa kuwa na uwezo wa kuleta mvua na pia wa kuizuia. Kwa uchambuzi wa Feierman, Wasambaa walishikilia kwamba mfalme mmoja mwenye nguvu zisizoshindaniwa huiponya nchi, kwa kuwa nchi ni yake na njaa ya watu wake ni hasara yake. Watawala wanaposhindana, kila mmoja hutumia nguvu zake dhidi ya mwenzake, na nchi huharibika. Wakati wa Kimweri ye Nyumbai, ambaye mmisionari Johann Ludwig Krapf alimtembelea mwaka 1848 na tena mwaka 1852, ufalme ulifikia upeo wake. Baada ya kifo chake mwaka 1862, mjukuu wake Shekulwavu alirithi Vugha, lakini Semboja, aliyekaa Mazinde kando ya njia ya misafara, alipata bunduki na washirika kutokana na biashara ya nyika. Vita vilivyofuata, pamoja na kukamatwa kwa watu na kuuzwa utumwani, vilikumbukwa kuwa mfano halisi wa kubana shi.

Hata hivyo, ni kosa kuichukua dhana hii kuwa hekima safi isiyo na maslahi. Ilikuwa pia itikadi ya utawala. Iliwapa Wakilindi sababu ya kudai kodi na kazi, na ilimfanya mkulima aone utii wake kuwa sharti la mvua. Mtafiti anayeitumia dhana hii leo anapaswa kukumbuka kwamba haikuwapa watu wote sauti sawa.

3.0 Wambugu katika nyanda za juu

Jamii ya Wambugu inaonesha mpaka wa dhana hiyo. Wambugu ni wafugaji walioishi katika sehemu za juu zenye baridi, Magamba ikiwa mojawapo, ambako ng'ombe walipata malisho katika maeneo ya wazi yaliyo ndani na kando ya msitu. Mapokeo yao yanataja safari ndefu kutoka mahali panapoitwa Lukipia, jina ambalo hulinganishwa na Laikipia ya Kenya, na yanataja pia kukaa Upare kabla ya kufika Usambara.

Lugha yao inaunga mkono picha ya historia yenye tabaka nyingi. Kama Mous anavyoeleza, Wambugu wana namna mbili za kusema. Ya kwanza, Kimbugu cha kawaida, inakaribiana sana na Chasu cha Wapare. Ya pili, inayojulikana kama Ma'a au Kimbugu cha ndani, inatumia sarufi ileile ya Kibantu, pamoja na ngeli zake, lakini sehemu kubwa ya msamiati wake ni tofauti, na ndani yake mna maneno mengi yenye asili ya Kikushi. Mtoto hujifunza kwanza namna ya kawaida, kisha ile ya ndani. Hivyo basi, msamiati wa pekee umehifadhiwa si kwa sababu watu walishindwa kujifunza lugha za majirani, bali kwa sababu walizijua na bado wakaamua kubaki Wambugu.

Jambo hili lina uzito kwa historia ya ardhi. Kwa mkulima wa Kisambaa, msitu wa juu ulikuwa chanzo cha maji, dawa na kuni, na baadhi ya vichaka vyake vilikuwa mahali pa matambiko ya koo. Kwa mfugaji wa Kimbugu, nyanda hizohizo zilikuwa nyumbani. Kwa hiyo, kusema kwamba msitu wa Magamba ulikuwa "mtupu" kabla ya kuwekewa mipaka ni kuyafuta matumizi ya aina mbili kwa wakati mmoja.

4.0 Mbao, mashamba na sheria ya Wajerumani

Mamlaka ya Wajerumani yaliingia Usambara wakati ufalme ulikuwa bado na majeraha ya vita. Semboja alifariki mwaka 1895, na katika mwaka huohuo mwanawe Mputa alinyongwa na Wajerumani. Kinyashi aliwekwa Vugha akiwa mtawala ambaye uwezo wake ulitegemea ofisi ya mkoloni. Makao ya wilaya yalijengwa mahali palipopewa jina la Wilhelmstal, ambapo leo ni Lushoto. Baridi ya mlima ilivutia walowezi, na kituo cha majaribio ya kilimo kilianzishwa Kwai, si mbali na Magamba.

Mabadiliko makubwa zaidi yalifanyika katika karatasi. Amri ya mwaka 1895 ilitangaza kwamba ardhi yote isiyothibitishwa kuwa na mwenyewe ni mali ya dola. Thibitisho lililokubalika lilikuwa shamba linaloonekana likilimwa. Malisho, shamba lililopumzishwa, kichaka cha tambiko na chanzo cha maji havikuhesabiwa. Sheria ya misitu ya mwaka 1904 ilikamilisha kazi hiyo kwa kuruhusu kutengwa kwa hifadhi. Msitu wa Shume na Magamba ukawa mali inayohesabiwa kwa ujazo wa mbao.

Reli kutoka Tanga ilifika Mombo mwaka 1905, na hapo mlima ukaunganishwa na bandari. Kampuni ya Wilkins & Wiese ilianza kuvuna mbao za mwangati huko Neu-Hornow, yaani Shume ya leo. Kwa kuwa ukingo wa mlima ni mkali mno kwa gari la moshi, mbao ziliteremshwa kwa njia ya kamba za chuma zilizotundikwa angani hadi Mkumbara, kwenye reli. Njia hiyo, iliyojengwa na kampuni ya Adolf Bleichert, ilisifiwa wakati wake kuwa kazi ya ajabu ya uhandisi. Kwa historia ya wenyeji ina maana nyingine: kwa mara ya kwanza mali ya nyanda za juu iliweza kufika nyika na kuondoka kabisa bila kupita mikononi mwa mtu yeyote aliyekuwa na wajibu kwa mvua ya Shambaai.

Hapa ndipo tofauti kati ya uvunaji wa zamani na mpya inapoonekana. Mbegha wa masimulizi alileta nyama mlimani ndipo akapokea. Utaratibu wa kamba za Mkumbara ulichukua bila kulazimika kurudisha. Si kwamba wenyeji hawakuwahi kukata miti. Walikata, walilima, na walipanua mashamba. Lakini aliyekata aliishi chini ya mteremko uleule, na kijito kilipokauka alikuwa wa kwanza kujua.

5.0 Matuta ya Mlalo na kurudi kwa hoja ya zamani

Baada ya Vita Kuu ya Pili ya Dunia, serikali ya Waingereza iligundua tatizo lililokuwa limekua kwa miaka mingi: watu wengi katika ardhi ndogo, na udongo unaoteremka kila masika. Mpango wa kuhifadhi udongo ulianzia bonde la Mlalo, kaskazini mwa Magamba, kisha ukapanuliwa. Wakulima walitakiwa kulima kwa matuta kwenye miteremko, kuacha baadhi ya miteremko mikali bila kulimwa, na kukubali masharti juu ya mifugo. Waliokaidi walitozwa faini.

Upinzani ulikuwa mkali, na wanawake, ambao ndio waliobeba sehemu kubwa ya kazi ya jembe, walishiriki waziwazi. Maofisa walieleza upinzani huo kuwa ujinga au uchochezi. Feierman anaonesha kwamba ulikuwa hoja. Wakulima hawakukataa kwamba udongo unaharibika. Walikataa kwamba dawa ya uharibifu huo ni kazi zaidi juu ya ardhi ileile finyu, huku mashamba ya walowezi na misitu ya serikali ikiendelea kushikilia sehemu kubwa ya nchi. Waliuliza pia ni vipi machifu wanaolipwa mshahara na serikali wataiponya nchi, ikiwa nguvu zao hazitoki kwa watu wala kwa mababu. Lugha ya kuzifya shi ikatumika kumpima mkoloni na chifu wake kwa pamoja. Mpango huo ulivunjika kabla ya uhuru, na hoja hizo zilichangia kuimarisha harakati za TANU Usambara.

Uhuru uliondoa mamlaka ya machifu lakini haukubadili mgawanyo wa msingi wa mlima. Hifadhi za misitu zilirithiwa na dola mpya. Huko Shume palipandwa misonobari na miti mingine ya kigeni kwa ajili ya mbao. Katika miaka ya 1980 mradi wa SECAP, uliofadhiliwa na Ujerumani Magharibi, ulirudia suala la mmomonyoko kwa mbinu za upole zaidi, ukihimiza kupanda miti na majani ya malisho kwenye kontua. Tatizo lilikuwa lilelile la Mlalo. Kilichobadilika ni namna ya kuzungumza na mkulima.

6.0 Boksiti: mlima wenyewe kuwa mali

Boksiti ya Magamba ni tunda la muda mrefu usiopimika kwa historia ya binadamu. Mawe yenye alumini nyingi yaliyoko chini ya milima hii yalioza taratibu katika joto na mvua. Madini mepesi kuyeyuka yakaoshwa na maji, na alumini na chuma vikabaki juu. Wanajiolojia wameyaeleza mabaki hayo katika vilele bapa vya Mabughai na Mlomboza, na cha Kidundai, ambavyo ni masalia ya uso wa kale wa nchi uliokuwapo kabla mabonde ya sasa hayajachongwa. Yaani, boksiti iko juu kabisa, pale ambapo mvua hutua kwanza.

Mahali ilipo ndipo unapoanzia mgogoro. Madini yaliyo juu ya kilele huchimbwa kwa machimbo ya wazi: mimea huondolewa, udongo wa juu husukumwa kando, na kilele hushushwa. Kilele hichohicho hunyonya mvua na kuiachilia polepole katika vijito vya mabonde yanayolisha Lushoto na vijiji vilivyo chini yake. Uchimbaji ulipoanza katika eneo hili, malalamiko yaliyotolewa yalihusu maji, miteremko na msitu. Mwaka 2010 msitu wa Magamba, wenye zaidi ya hekta 9,000, ulipandishwa hadhi na kuwa Hifadhi ya Mazingira Asilia. Mwaka huohuo Bunge lilipitisha Sheria mpya ya Madini. Mlima mmoja ukawa na thamani mbili rasmi zinazopingana.

Sheria haziko kimya. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inatambua haki za kimila katika ardhi ya kijiji. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004 inadai tathmini ya athari kabla ya mradi, pamoja na ushirikishwaji wa wananchi. Lakini madini yaliyo chini ya ardhi ni mali ya Jamhuri, yakisimamiwa kwa niaba ya wananchi wote. Mwenye shamba anaweza kulipwa fidia ya migomba, ya nyumba na hata ya makaburi. Hakuna safu katika jedwali la fidia inayomuuliza kama nchi itakuwa imepona au imeharibika baada ya malipo kufanyika.

Upande wa pili wa hoja unastahili kusikilizwa. Lushoto ni wilaya yenye watu wengi na ardhi finyu. Vijana wake huhama kwenda Tanga na Dar es Salaam kutafuta kazi. Machimbo huleta ajira, hata kama ni chache, na taifa linahitaji mapato. Aidha, hifadhi yenyewe imewawekea wenyeji mipaka: wafugaji wa nyanda za juu wanakutana na katazo la kuingiza mifugo msituni, iwe sababu ni mbao, bioanuwai au madini. Kwa mtazamo wao, mhifadhi na mchimbaji wote wanaweza kuonekana wageni wenye ramani. Kwa hiyo si sahihi kudai kwamba kulinda msitu ni kulinda urithi, na kuchimba ni kuuharibu. Urithi unaoelezwa hapa ni haki ya wenyeji kushiriki katika kuamua kinachoiponya nchi.

7.0 Hitimisho

Historia ya Magamba inaonesha mfululizo wa vipimo. Mjerumani alipima mbao, Mwingereza alipima mmomonyoko, mhifadhi anapima aina za viumbe, mchimbaji anapima asilimia ya alumini. Kila kipimo kina ukweli wake, na hakuna kilichokuwa cha uongo. Kasoro yao ya pamoja ni kwamba kila kimoja kililiona jambo moja na kumwacha nje yule anayeishi na matokeo ya mambo yote.

Matokeo matatu yanafuata kwa watafiti. Kwanza, tathmini za athari katika Usambara hazina budi kuyahesabu matumizi yasiyoacha alama ya jembe: malisho, vichaka vya matambiko, njia za maji. Kosa la amri ya 1895 halipaswi kurudiwa kwa fomu mpya. Pili, Wambugu wanapaswa kutafitiwa kama wadau wa historia ya ardhi, na si kama mfano wa kuvutia wa isimu pekee. Majina yao ya mahali, malisho na vijito katika nyanda za Magamba ni kumbukumbu ambayo kilele kikishushwa haitakuwa na kitu cha kuitaja. Tatu, dhana ya kuzifya shi ichukuliwe kwa uzito wa hoja ya kisiasa, pamoja na udhaifu wake wa kuwa iliwahi kuwatumikia wafalme.

Kutokana na uchambuzi huu, kauli kwamba wenyeji wa Magamba ni wapinzani wa maendeleo haina msingi wa kihistoria. Kuanzia wakati wa Mbegha, Wasambaa walimpokea mgeni aliyekuja na kitu mkononi, wakampa mamlaka, wakamtazama kama mvua inanyesha. Utaratibu huo wa kupokea kwa masharti ndio urithi wa mlima huu, na ndio ambao maamuzi juu ya boksiti ya Magamba bado hayajaupa nafasi.